Kikosi cha Walevi

Kwako kaka,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo pamoja na watoto. Natumaini yale mafua ya Jumapili yameachia na kifua kimefunguka. Mimi mwili ni mzima, kazini naenda, chakula nakula. Roho ndiyo imechafuka, na aliyeichafua ni wewe, kwa hiyo vuta kiti ukae, barua hii si fupi.

Nimempa wifi aiweke mkononi mwako leo hii, kabla Jumamosi haijafika. Simu nimekupigia mara mbili nikakata kabla hujapokea, maana najijua. Nikianza kwa mdomo nitatukana, halafu nitalia, halafu utaanza kunibembeleza na jambo lenyewe litapotea. Lenyewe ni hili: wale askari kumi na watatu waliobaki kwenye boksi la viatu usiwaguse. Kopo la dawa ya kubandulia rangi lifunge, uliweke mbali. Ukishafanya hivyo ndipo uendelee kusoma.

Jumapili baada ya kula ulinishika mkono ukanipeleka kwenye chumba chako cha michezo kama mtu anayekwenda kuonyesha mtoto mchanga. Meza yako ya vita ulikuwa umeitandika kitambaa cha kijani, umeweka vilima vya kadibodi na madaraja ya njiti, na jeshi la Baba la vinyago vya zama za Napoleoni limepangwa lote, tayari kwa pambano la chama chenu cha michezo ya vita. Nilifurahi kuwaona, sikatai. Wapanda farasi wenye vifua vya chuma, wapiga mizinga, walinzi wa kofia ndefu za manyoya, hakuna hata mmoja anayezidi kiungo cha kidole gumba, na kila kifungo cha koti kinaonekana. Ulisema askari wa madini ya risasi kama hawa hawatengenezwi tena, kiwanda kilifungwa zamani, na mkono uliowapaka nao hautapatikana tena.

Kisha ukanionyesha ndoo. Ndani walikuwamo askari wa miguu ishirini na wanane, watupu, kijivu, na mswaki mkuukuu ukielea juu yao. Ukaniambia huku unacheka kwamba umeniondolea aibu. Zile kazi zangu za utotoni, ambazo Baba kwa mapenzi yake alizitunza kwenye boksi la viatu, umezibandua rangi ili uzipake upya zifanane na wenzao. Ulisema mikanda ya vifuani ilikwenda kombo, nyekundu ya kola imemwagikia mashavuni, na wote hawana macho. Dawa uliijaribu kwanza kwa mpiga ngoma, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sura mbaya kuliko wote, na rangi ikatoka yote kwa dakika kumi. Ukamalizia na farasi wa kijani, kama kawaida yako.

Huyo farasi wa kijani umenitania naye miaka thelathini. Nilikuwa na miaka saba, nikamchukua farasi mmoja wa Baba nikampaka kijani kibichi, na tangu siku hiyo mimi ndiye mharibifu wa nyumba yetu. Habari zake ulizisimulia kwenye harusi yangu. Ulizisimulia kwa yule daktari wa macho, mwenyekiti wa chama chenu, siku alipokuja kunisalimia. Haikukupitia akilini hata mara moja kwamba mtoto wa miaka saba hukua.

Sasa soma taratibu. Mikono ya Baba ilianza kutetemeka miaka sita kabla hajafariki. Wewe hukuona kwa sababu ulikuwa unakuja mara moja kwa miezi miwili, na kila ulipokuja aliitia mikono kwenye mifuko ya sweta. Chai hakunywa mbele yako, alisema ameshakunywa. Ile maabara ya meno ya bandia hakuiacha kwa kuchoka kama alivyowaambia. Aliiacha siku jino alilokuwa akilichonga lilipomponyoka mara tatu mbele ya wanafunzi wake. Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akarudi nyumbani kwa miguu. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Siku zile ulikuwa umekwisha kukiahidi chama chenu kikosi kipya cha wapanda farasi kutoka kwake. Hukumuuliza, ulimwahidia. Alihangaika nao wiki nzima, akaharibu wanne. Ndipo akaniita, akaniachia kiti chake pale dirishani, akanipa ile brashi yenye nywele tatu, akasema mimi nipake, yeye ataelekeza. Alinifundisha kuanza na kivuli ndipo mwanga, kuegemeza kiwiko mezani, kubana pumzi kabla ya kutia jicho. Akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utamwonea huruma, na huruma yako anaijua, ina kelele.

Kaka, wale wapanda farasi niliwapaka mimi. Walinzi wa kofia za manyoya, mimi. Wapiga mizinga unaowashika kwa ncha za vidole, mimi, kila nilipotoka kazini, kabla jua halijaondoka dirishani. Cheti alichopewa na chama chenu, kile ulichokitundika sebuleni kwako, ni cha kazi yangu. Nilikaa kiti cha nyuma nikapiga makofi pamoja na wengine, rangi ya buluu ingali kwenye kucha. Siku ile sikuudhika. Niliudhika siku ya mazishi, uliposimama ukasema mkono wa baba yetu haukutetemeka mpaka mwisho, na watu wakaitikia. Mimi niliyekuwa nikimlisha kwa kijiko nikainamisha kichwa.

Hao wa boksi la viatu ndio wa Baba. Kila asubuhi alikifunga kifundo cha mkono kwa kitambaa juu ya vitabu viwili, akapaka. Askari mmoja wiki nzima, mwingine zaidi. Mikanda ikaenda kombo, naye akacheka peke yake, akawaita Kikosi cha Walevi. Macho hakuwatia, alisema afadhali wasione walivyovaa. Walifika arobaini na mmoja. Sijapata kumwona na furaha kama ile, hata mama alipokuwa hai. Wewe umeitia kwenye ndoo ukaisugua kwa mswaki, halafu ukataka nikushukuru.

Hasira hii si yako yote, na hapa ndipo panaponichoma. Siku tulipogawana vitu vyake uliuliza lile boksi la viatu ni la nani. Ningesema la Baba, ungeuliza hao wazuri basi ni wa nani, na kiapo kingevunjika pale pale mbele ya shangazi. Nikasema chukua tu, nawe ukadhani ni kazi zangu za utotoni. Na acha niseme ukweli wote: nilipenda kukusikia ukiwasifu. Nilitaka uendelee. Kwa ajili ya sifa zisizo na jina langu nikamwacha Baba aende kwako ndani ya boksi, bila neno. Hilo ni langu, sitakubebesha.

La mpiga ngoma nakubebesha. Ulipokwenda kutafuta taulo nilimwokota kwenye ndoo nikamtia kwenye pochi. Ukihesabu utakuta ishirini na saba, usimtafute. Yule alimchukua Baba majuma matatu, na ndiye pekee ambaye Baba alijaribu kumtia macho. Alifanikiwa moja. Nilimuuliza kwa nini anajitesa na huyu mmoja. Akanijibu kwamba huyu ni mwanawe wa kiume, anatangulia mbele ya watu akipiga kelele, lazima aone anakokwenda.

Hao uliowabandua usiwapake tena. Waache hivyo hivyo. Jumamosi nitakuja kuwachukua wale kumi na watatu, uwe nyumbani. Nitakuwa bado na hasira, lakini chai nitakunywa. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye farasi wa kijani.