Upanga wa Soli za Kandambili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: lililo kwenye kitambulisho nilichokabidhi. Kazini na mtaani naitwa Karani.
Umri: miaka 49
Kazi: karani wa masjala, ofisi ya maji
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha mikate, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Naishi peke yangu.
Yameandikwa: Jumamosi tarehe 17 Mei, saa tisa na robo alasiri

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Upanga uliokamatwa leo kwenye kibanda cha fundi viatu ni wangu. Fundi hana kosa. Nimeona niseme hilo kwanza, lisije likapotea katikati ya maneno mengine.

Mnamo tarehe 9 Machi, Jumapili, saa tano asubuhi, nilikuwa napita mbele ya ukumbi ulio mkabala na ofisi yetu. Sikuwa na kazi ofisini. Jumapili huwa natembea mpaka pale, kisha narudi. Nje kulikuwa na foleni ya watu wazima waliovaa kama mashujaa wa hadithi, wakingoja maonyesho ya mavazi, na mama mmoja alikuwa na mabawa ya maboksi. Aliponiona nimesimama aliniambia, "Kaka, mbona hukuvaa? Basi mwezi wa tano uje umevaa." Afande ameniuliza kwa nini nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno. Ni kwa sababu tangu afariki dada yangu niliyekuwa naishi naye, miaka mitatu sasa, hakuna mtu aliyenialika mahali popote.

Nilianza kutengeneza vazi wiki ileile. Nilikuwa mbumbumbu kabisa. Nilitaka kuwa mlinzi wa lango, shujaa niliyembuni mwenyewe. Upanga wa kwanza niliuchonga kwa lile povu gumu, jeupe na jepesi, linalofungiwa friji mpya, nikaupulizia rangi ya fedha. Rangi iliula ukayeyuka wote nikiwa natazama. Nilibaki na mpini.

Mwanzoni mwa Aprili nilikwenda kwa Fundi kununua sponji ngumu ya soli za kandambili, niumalizie upanga wa pili. Nilitaka vipande vinane. Akaniuliza, "Karani, kwani una miguu mingapi?" Ikabidi nimweleze. Alicheka kidogo, kisha akaniambia nilete huo upanga tuutazame. Nilikuwa nagandisha vipande gundi ikiwa mbichi, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinabanduka. Alinionyesha: paka pande zote mbili, subiri mpaka isinase kidole, ndipo ukutanishe. Alisema, "Gundi ni kama mchumba, haitaki papara." Baada ya hapo nilikuwa nakwenda kila jioni nikitoka kazini, hata siku ambazo sikuwa na cha kugandisha. Nilimwomba asimwambie mtu. Akajibu, "Kwani mimi redio?"

Tangazo la ukumbi linataka kila silaha ya maonyesho ifungwe utepe wa rangi ya chungwa kwenye mpini, ili anayeiona ajue ni ya mchezo. Niliufunga. Jana Ijumaa, saa kumi na moja jioni, nilipompelekea Fundi auvishe mpini ngozi, niliufungua utepe nikautia mfukoni. Ulikuwa unaharibu sura. Nilitaka niuone upanga wangu ukiwa upanga, japo kwa siku moja. Fundi aliutundika kwenye msumari wa viatu vilivyokwisha kushonwa, unaoonekana na kila apitaye njia. Kosa ni hilo la utepe, na ni langu.

Leo saa nne asubuhi nilikwenda kuuchukua, maana maonyesho yalikuwa yaanze saa nane. Nilikuta kibanda kimefungwa, na kiatu kimoja cha mtoto kimeachwa nje juu ya stuli. Mama muuza vocha wa jirani aliniambia, "Fundi kachukuliwa. Juzi tu duka limevamiwa kwa mapanga, sasa mtu kaona ule upanga akapiga simu."

Sikuja hapa moja kwa moja. Naomba hilo liandikwe. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, nikatazama vazi langu lililotundikwa mlangoni. Niliwaza Jumatatu ofisini, jinsi watakavyosema Karani mzima na tai yake anacheza mambo ya watoto. Nilikaa hivyo mpaka saa nane na nusu, na mwenzangu yuko mahabusu kwa ajili ya soli zangu. Naona aibu kwa hilo kuliko kwa upanga.

Nilipofika kaunta, afande wa zamu aliniambia kwamba Fundi ameulizwa mara tatu upanga ni wa nani, na mara zote amejibu, "Ni wa rafiki yangu. Mambo yake si yangu kuyatangaza."

Nilimwomba afande arudie, akarudia. Muda wote huo mimi nilikuwa najihesabu mteja.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu yote, na upanga ni wangu.

Sahihi: Karani

Maelezo ya afisa: Nimeukunja upanga kwa mkono mpaka ncha ikagusa mpini, ukajinyoosha wenyewe. Uzito wake haufiki wa jozi ya kandambili. Fundi ataachiwa mkuu wa kituo akirudi kusaini, pengine saa kumi na mbili. Shahidi nimemrudishia upanga, akatoa utepe mfukoni na kuufunga. Nimemwambia maonyesho bado yanaendelea, akienda sasa atayawahi. Amekaa kwenye benchi. Anasema anamsubiri rafiki yake.