Kiraka cha Uzi Mwekundu

3 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima na kifua cha Mama kimetulia. Mimi mzima, ila moyoni sisikii kitu. Tangu wamuue mchoraji mwenzangu mlangoni mwa gazeti kwa ajili ya mchoro wangu, nakula, nalala, napiga mswaki, basi. Gazeti limenihamishia chumba ambacho dirisha lake siruhusiwi kulifungua.

Sielewi wauaji walikasirikia nini hasa. Yule mhubiri wa huko kwetu anayechomesha watu vitabu nilimchora kuanzia magotini kushuka chini, akikanyaga kalamu. Hana uso, hana jina. Uliuona?

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Hatujambo, Mama anakohoa kidogo tu. Niliuona. Kiatu cha kulia umekitia kiraka pembeni, mshono wa uzi mwekundu. Mwanangu, kiraka hicho nilikishona mimi, nawe umekaa palepale kwenye duka langu la kushonea viatu, unachora. Mji mzima unakijua. Mhubiri mwenyewe alikuja, akavua kiatu, akakiweka juu ya gazeti, kando ya mchoro.

Mchoro sikuupenda. Dini si ya kuchezea, na soli umeichora nyembamba, kama kawaida yako. Sasa mhubiri na watu wake wanataka nisimame mbele ya waumini nikukane.

Baba yako

16 Machi

Baba,

Shikamoo. Nikane. Sema uliniokota jalalani, kama ulivyokuwa ukinitania. Kiraka sikukiwaza kabisa, mkono ulichora kiatu unachokijua. Nimekuponza, nisamehe. Nikane, urudi nyumbani ule, kisha uniandikie.

Binti yako

20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mama anakusalimu. Jalalani wewe? Kwa ubishi ule, hata jalala lingekurudisha.

Kesho nitasimama. Nitasema kiraka ni kazi yangu na mchoraji ni mwanangu. Nitasema mchoro sikuupenda na nimekuambia kwa barua. Asiyeupenda naye aandike, au achore wake, au gazeti alifungie samaki. Kuua mtu kwa sababu ya wino, hapana. Mungu ninayemwabudu hajanituma nimlinde kwa panga.

Usiogope. Na soli uzinenepeshe.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama alipiga simu. Anasema uliyasema yote, ukatoka kuvaa viatu vyako mlangoni. Walikuwa wanakungojea hapo. Mazishi yamepita, mimi sikuruhusiwa kuja.

Sijalia bado. Nimeosha vikombe vyote vya humu ndani, na vilikuwa safi.

Jana nilichora. Ni viatu vyako mlangoni pa nyumba ya ibada, mwenyewe hayupo. Gazeti limeuchapa ukurasa wa kwanza, na chini yake jina langu kamili. Soli nimezichora nene.

Nakala naitia humu kwenye bahasha. Usipoupenda, niandikie.

Binti yako