Bladi, Kipenzi

Mtaa wa Machimboni 9,
Harnley, Yorkshire.
Jumapili, 4 Desemba 2016

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na dirisha, goti limetulia, na dada Noreen amekuwekea chai nzito unayoipenda wewe, si ile iliyojaa maziwa anayodhani unaipenda. Je, shakwe wa huko pwani wamekoma kumnyang'anya mumewe Derek chipsi zake? Mimi sijambo. Paa linavuja palepale lilipokuwa likivuja enzi za baba, na ndoo ni ileile. Mvua ina wiki ya tatu sasa.

Najua Noreen amekwisha kukwambia kwamba nimegombana tena na watu, safari hii kwa ajili ya matusi, yaani lile bladi la Kiingereza chetu, na najua umetikisa kichwa. Ni kweli. Nimewahi kugombana na halmashauri juu ya maktaba, na askofu juu ya kengele, na mhariri wangu juu ya mkato mmoja. Lakini ndani ya ugomvi huu limo jambo la nyumbani kwetu ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Tafadhali usome hadi mwisho kabla hujanyanyua simu.

Unamkumbuka Mavis Thackray, binti wa yule muuza makaa aliyekuwa na jicho moja. Ana miaka ishirini na miwili akivusha watoto mbele ya shule, na lile koti lake la njano na fimbo yenye kibao cha duara. Hajawahi kukosa siku, isipokuwa siku aliyomzika mumewe, na hata siku hiyo alivusha watoto asubuhi kwanza. Anawajua kwa majina, na mama zao kwa majina, maana nao aliwavusha.

Mwezi uliopita, asubuhi ya mvua, lori la chakula cha ng'ombe lilianza kurudi nyuma bila taa wala honi. Mtoto wa darasa la pili alikuwa katikati ya barabara, kofia ya koti imemfunika masikio, akitazama dimbwi. Mavis alimwita kwa jina mara mbili. Mtoto hakuinua kichwa. Ndipo Mavis akapiga kelele iliyosikika hadi kwa mwokaji mikate:

"Toka kwenye bladi barabara hiyo, kipenzi!"

Mtoto aliruka kama paka. Gurudumu lilipita juu ya dimbwi alilokuwa akilitazama. Mavis akamkumbatia, akamfuta pua, kisha akaenda kwenye dirisha la dereva na kumuuliza kama hayo aliyo nayo usoni ni macho au ni vifungo, mpumbavu, bladi fuli yeye.

Sasa sikia. Nyuma ya lori palikuwa na gari la bwana mmoja aitwaye Fairbrass, aliyehamia hapa kutoka kusini majira ya kuchipua. Dirisha lake lilikuwa wazi na binti yake mdogo alisikia kila kitu. Bwana huyu hakuandika barua juu ya lori. Aliandika juu ya neno. Halmashauri ikamvua Mavis koti na fimbo, ikamwambia asubiri kikao cha madiwani watatu, na karani akampa nakala ya kanuni aliyoivunja, iliyochapwa mwaka 1985 na kusahauliwa kabatini: mtumishi anayehudumia watoto asitamke neno hilo kwa hali yoyote.

Mavis aliniletea karatasi hiyo hapa nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha baba, hakuvua hata skafu. Aliniambia ana miaka sitini na tisa, na wakimnyima barabara ile hajui asubuhi ataamkia nini. Nilisoma kanuni ile mara moja tu, nikaikunja. Nilimwambia aniachie mimi.

Unanijua. Niliandika makala tatu gazetini katika wiki mbili, na sijawahi kuandika vizuri hivyo. Nilikumbusha kwamba bibi alikuwa akilinong'ona neno hilo mlango ukiwa umefungwa, na kwamba magazeti ya ujana wake yaliandika herufi ya kwanza na kufuatisha vistari, kama mtu anayefunika maiti. Wasomi wanabishana limetoka wapi. Wengine wanasema ni kiapo cha damu ya Mwokozi kilichofupishwa, wengine ni jina la Bikira lililokatwakatwa. Nimewasoma wote na wote wanakisia. Ninachokijua ni lilikopita. Wanaume walirudi nalo kutoka vitani. Wanawake walilipeleka viwandani, ambako mitambo ilikuwa na kelele na neno jepesi halikufika. Kwa miaka mia moja limepita katika vinywa vya watu wanaofanya kazi, na ncha zake zimelika kama ngazi za kanisa letu, ambazo pia hakuna aliyeamuru zilike.

Nilikwenda kukaa asubuhi nzima katika mkahawa wa sokoni nikisikiliza. Mzee Wilf Barraclough aliulizwa pai ikoje, akasema bladi tamu. Mwanamke mmoja aliingia amelowa akasema bladi basi limempita tena, na meza tatu zikasogea kumpisha karibu na joto. Mchungaji wetu mama alimwaga chai kwenye kitabu chake cha sala akalitamka, akacheka, akaomba kitambaa. Mama, hawa watu wamelichukua neno lililowatisha mababu zao wakalifanya blanketi, na wanajifunika nalo wote pamoja kwenye benchi moja. Hakuna chuo kilichowafundisha. Nawastahi kuliko maprofesa wangu wote, nami niliyaandika hayo, na maprofesa wawili wakanijibu kwa hasira, jambo lililonifurahisha sana.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa diwani Hebblethwaite, yule mfugaji wa kondoo wa Moorside, aliyekuja na viatu vya matope. Bwana Fairbrass alizungumza kwa adabu, lazima nikiri. Alisema hana chuki na mama huyu, ila binti yake sasa anamwita hata mdoli wake bladi mdoli. Watu walicheka, naye akawa mwekundu, na kwa dakika moja nilimhurumia.

Nami nilisimama, nikanguruma kwa robo saa. Walipiga makofi. Hebblethwaite alisubiri watulie, kisha akamgeukia Mavis akamuuliza swali moja tu, kama alipomfokea yule mtoto alimalizia na neno kipenzi.

Mavis alisema ndiyo, bila shaka, angemwitaje tena.

Dereva wa lori, ambaye alikuja mwenyewe bila kuitwa, aliinua mkono akasema anaweza kuthibitisha, kwa sababu yeye hakupewa kipenzi. Alisema hapo ndipo alipojua kwamba mama yule amekasirika kweli, na ameshatengeneza honi yake.

Hebblethwaite akamweleza Bwana Fairbrass, taratibu, kama anayemfundisha mgeni njia ya milimani, kwamba huku kwetu neno lile bila kipenzi ni tusi, na neno lile pamoja na kipenzi ni mkono begani. Binti yake mdogo asizuiwe kulisema, afundishwe kulimalizia. Bwana Fairbrass aliandika jambo hilo kwenye daftari lake.

Nilidhani tumeshinda. Lakini karani alikohoa. Alisema yote hayo ni mazuri, ila kanuni imeandikwa "kwa hali yoyote", na "kwa hali yoyote" maana yake ni hata likimaliziwa na kipenzi. Hebblethwaite aliisoma tena, akavua miwani, akasema kwamba kama ni hivyo mikono yake imefungwa, na angependa kumjua bladi mtu aliyeandika maneno hayo matatu.

Mavis alianza kufunga vifungo vya koti lake la kawaida. Nilimwona akitafuta kifungo ambacho hakipo.

Mama, ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mpiga chapa wa halmashauri, majira yale ya kiangazi baada ya chuo. Rasimu niliyopewa ilisema tu kwamba mtumishi asimtukane mwananchi. Neno lile nililiongeza mimi, na "kwa hali yoyote" niliyaongeza mimi, na hakuna aliyeyasoma kabla hayajachapwa. Nilisimama nikawaambia hivyo, mimi ambaye kila wiki ninawashutumu kwa kupotosha nyaraka. Karani alifungua kumbukumbu za mwaka ule. Maneno yangu hayakuwahi kupigiwa kura. Hebblethwaite akasema kwamba kanuni isiyopita kwenye kikao si kanuni, ni maandishi ya msichana, akaipasua. Mavis alirudishiwa koti. Mhariri wangu bado hajanipigia, na sijui nitakuwa na safu gazetini wiki ijayo.

Hilo lilisemwa mbele ya watu. Linalofuata sikulisema.

Unakumbuka Pasaka ile nilipomleta rafiki yangu Rosalind kutoka chuoni, na baba akarudi kutoka machimboni na vumbi kwenye nyusi, akamshika mkono akasema, "Bladi karibu, kipenzi, huyu bladi Gaynor wetu ametwambia habari zako." Rosalind alitabasamu. Nami kwa aibu nilitamani sakafu ifunguke. Miezi mitatu baadaye walinipa rasimu ile, nikaketi mbele ya mashine, nikamwona baba, nikaandika. Kanuni ile ilimlenga yeye. Hao watumishi walijikuta tu njiani.

Wewe ulijivunia kijitabu kile cha kanuni nilichokichapa. Ulikisoma mezani kwa sauti, ukasema ni maandishi ya mtoto wetu, ukakiweka kwenye droo pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Baba alikichukua baadaye akakisoma peke yake, kidole kikifuata mstari. Nilimwona kupitia mlango wa jikoni. Alikifunga, akakirudisha. Miaka yote uliniambia kwamba mzee amepunguza maneno siku hizi, umri unamtuliza. Haukuwa umri, Mama. Alikuwa amesoma. Kwa miaka kumi na moja hadi tulipomzika, kila nilipoingia mlangoni aliniambia habari za hali ya hewa, kwa Kiingereza kisafi kama cha redio, na hakuniita kipenzi tena, kwa sababu kwake maneno yale mawili yalitembea pamoja na nilikuwa nimempigia marufuku moja.

Jana asubuhi nilishuka dukani nikiwa na mawazo hayo. Mavis hakuwa kazini, ilikuwa Jumamosi, lakini alikuwa amesimama kwenye kona yake na koti lake la njano na fimbo, akilizoea tena. Aliniona nikisita pembeni ya barabara. Akainua fimbo, akasimamisha magari mawili na baiskeli.

"Vuka basi, bladi mwandishi wewe," akasema. "Huendi kunyongwa, kipenzi."

Nilivuka nikilia, na mwenye baiskeli akanionea haya.

Naomba kijitabu kile ukitoe kwenye droo na ukichome katika jiko la Noreen. Mpe Noreen salamu zangu, na Derek, na uvae soksi zile za sufu hata kama zinawasha. Nitakuja kabla ya Krismasi, barabara ikiruhusu. Ukisha kuisoma barua hii nipigie simu, na kama una hasira usinifiche. Niite bladi fuli. Nimestahili, na najua hujawahi kulitamka neno hilo maishani mwako. Ila ukinisamehe, Mama, malizia kama ambavyo baba angemalizia.

Binti yako,
Gaynor