Bega la Kushoto la Keenan

Ijumaa, 3 Januari

Hoki ya barafuni, tumefungwa tano kwa mbili. Magoli mawili yamepitia kona ya Keenan. Mawili! Koti sijavua, naandika hivi hivi.

Mume wangu Orest yuko sebuleni anarudia mechi peke yake, kwa sauti, kana kwamba kocha yuko ndani ya televisheni. Anasema kijana amevimba kichwa. Miaka miwili anakaa kwetu, chumba cha chini, kwa sababu timu humpa kila mchezaji wa mbali nyumba ya kulelewa, na sisi ndio nyumba yake. Kichwa hakijavimba. Mimi ndiye ninayefua soksi zake, najua.

Lakini kitu kipo.

Alipokuja alikuwa na miaka kumi na mitano, miguu mirefu isiyojua iende wapi. Kuteleza kinyumenyume kulimshinda, alikuwa akianguka kitako mbele ya watu. Sasa anarudi nyuma kwenye barafu huku kamkabili mshambuliaji, katikati yao urefu wa fimbo moja tu, hampi nafasi, hamrukii. Pasi yake ya kwanza imetulia. Hatafuti sifa. Beki mzuri ni kama chumvi, unamkumbuka asipokuwepo. Mwaka jana nilimwambia Orest: huyu atateuliwa na timu kubwa Juni inayokuja, zinapochagua vijana, we ngoja.

Na sifa yake kubwa ilikuwa macho. Kisahani, ndio mpira wa hoki, kikisukumwa kwenye kona, beki humpa adui mgongo akakifuate. Kwa hiyo kabla hajakigusa lazima atupe jicho nyuma, bega hili, bega lile, ajue nani anakuja kumbamiza ukutani. Keenan alikuwa akigeuza shingo mpaka Orest akamwita Bundi.

Leo Bundi hakugeuka. Goli la pili alinyang'anywa kama mtoto anyang'anywavyo pipi.

Naogopa na sijui naogopa nini.

Jumapili, 5 Januari

Baridi ya kukata masikio. Keenan alikuwa akitoa gari uani kinyumenyume aende mazoezini — pu! Amegonga pipa la taka. Taka zote kwenye theluji, maganda ya viazi yameganda palepale.

Orest ametoka na ndara. "Macho umeyaacha wapi, Bundi?"

"Nilitazama vioo, mjomba."

"Vioo ni vya kuchania nywele! Geuka, mtu wa Mungu, geuka utazame!"

Keenan amecheka, ameokota maganda mwenyewe, moja moja. Ameinama vibaya. Magoti yamekunjika, shingo imesimama kama ya mtu aliyebeba ndoo kichwani. Nilidhani ni baridi.

Jumatatu, 6 Januari

Mkesha wa Noeli yetu, kwa kalenda ya wazee. Tangu alfajiri nimekunja piroge, vifuko vya unga vyenye viazi ndani, mpaka vidole vimekakamaa. Vyakula kumi na viwili, nyama hakuna, ngano ya asali katikati ya meza. Na kama kila mwaka, kiti kimoja kimeachwa wazi na sahani yake na kijiko chake, kwa ajili ya waliotutangulia. Kwetu ni cha baba mkwe, mzee Metro. Kipo mwisho wa meza upande wa dirishani.

Keenan amekalia kiti hicho.

Kijiko cha Orest kimesimama hewani. Mwaka jana kijana huyu huyu ndiye aliyemwekea mzee sahani, kwa adabu kabisa. Anajua.

"Kijana," Orest amesema polepole, "hapo pana mwenyewe."

"Najua, mjomba. Samahani. Naomba tu... leo nikae hapa."

Uso umemwiva. Hakuinuka. Orest akamtazama, akanitazama mimi, akashusha pumzi. "Haya. Mzee akija mtabanana."

Tumecheka, lakini macho yangu hayakutoka kwenye kile kiti. Mtu hai kwenye kiti cha wafu, usiku kama huu! Mama yangu angeinuka akanyunyize maji ya baraka. Nimejiambia mimi si mshamba wa kuamini mambo hayo. Kisha nikanyunyiza, walipokwenda kutazama mechi.

Jumanne, 7 Januari

Simu ya Bwana Tollefson, msaka vipaji wa timu kubwa. Hawa hawaridhiki na kinachoonekana uwanjani, humpigia mama mlezi. Analala mapema? Anaosha sahani yake? Akifungwa, anapiga milango?

Nilijua atapiga. Neno langu moja linaweza kumpandisha mtoto wa watu au kumzika.

Nimesema ukweli. Anaosha sahani, hata zetu. Hapigi milango. "Na halalamiki," nikasema. "Miaka miwili sijasikia 'aah' yake."

"Hiyo ni dhahabu, mama."

Nikajisikia vizuri. Halafu akasema, "Nikuulize. Siku hizi hageuki kutazama nyuma. Ni uvivu huo? Maana uvivu mimi sinunui."

Nikasema ni umri. Umri! Ndicho kilichonijia.

Anakuja Ijumaa amwone kwa macho yake. Jumatatu inayofuata anawapa wakubwa wake majina, na la Keenan litakuwa ndani au nje.

Jumatano, 8 Januari

Nimejua. Ee Mungu, nimejua, na heri nisingejua.

Viti vyetu viko nyuma ya benchi la wageni, kioo tu kinatutenganisha. Orest hupenda kuwatania. Leo kipindi cha pili kuna mmoja wao, mwenye nywele nyekundu, amegeuka kwa wenzake akapaza sauti: "Namba nne! Mwendeeni kushoto kwake! Huyo hageuki kushoto!"

Namba nne ni Keenan.

Nikaanza kumtazama yeye tu, mchezo sikuuona tena. Bega la kulia anageuka. La kushoto — hapana. Hata mara moja. Pipa la taka lilikuwa kushoto. Na kile kiti! Ukikaa pale mwisho, dirisha liko kushoto kwako na watu wote wako kulia. Ndiyo maana. Hakuwa na utovu wa adabu, alikuwa anatafuta mahali ambapo hatalazimika kugeuza shingo akiitwa.

Watoto wa mji mwingine wamemsoma kwa dakika ishirini. Mimi ninayempikia, nilikuwa nahangaika na maji ya baraka.

Walimwendea kushoto kweli. Alibamizwa mpaka kioo kikaimba. Aliinuka taratibu, akakung'uta mkono wa kushoto kama mtu anayekausha maji. Mtabibu wa timu akamwuliza kitu, Keenan akainua dole gumba. Watu wakapiga makofi. Orest naye: "Hivyo ndivyo! Inuka, mwanangu!"

Mimi nilikaa nimeshika kofia ya Orest kwa mikono miwili.

Alhamisi, 9 Januari

Asubuhi. Keenan alikuwa anakula uji wa shayiri. Nimesimama kushoto kwake nikamwita, polepole tu.

Amegeuka na kiti chote.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lini nini, anti?"

"Usinichezee. Shingo."

Kijiko akakiweka. Tangu Novemba, alipobamizwa ukutani kwenye mechi moja ya ugenini. Aliona nyota kidogo. Halafu shingo ikagoma upande mmoja. Halafu ganzi — inashuka begani mpaka kidole kidogo, inakaa, inaondoka. "Mara nyingine fimbo siisikii mkononi," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anasema maziwa yamekwisha.

Nikasema leo hii tunakwenda kwa mtabibu. Ndipo akawa mtoto. Macho yakajaa. "Anti, nakuomba. Kesho tu. Mama ameomba ruhusa kazini, anatoka kule kaskazini, mwendo wa saa sita kwenye barafu, hajawahi kuniona nikicheza na timu hii. Tollefson anakuja. Jumamosi nitakwenda mwenyewe, naapa. Nikitajwa mgonjwa leo, mimi basi tena. Nani ananunua beki mwenye shingo mbovu?"

Nilinyamaza. Nadhani kwake kunyamaza ni kukubali. Sijui. Labda hata kwangu.

Baadaye nimejaribu kwa Orest, kwa mbali. "Mtu akiumia shingo akacheza, inakuwaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mimi nilicheza wiki tatu bega limetoka, na tukachukua kombe." Ameguna kwa raha. Kisha akataka matango ya siki, chupa ipo rafu ya juu, na mkono wake hauvuki sikio tangu enzi za kombe hilo. Ikabidi aburute kiti apande.

Nimemtazama akipanda. Sikucheka.

Wahenga walisema mficha maradhi... Siandiki yaliyobaki.

Ijumaa, 10 Januari

Asubuhi. Simu nimeishika nimpigie mtabibu, nimeiweka. Nimekanda unga usiohitaji kukandwa. Nikisema, namuua moyo. Nisiposema — wapinzani wa leo nao wana macho, na habari husafiri kutoka timu hadi timu. Kona moja, bega moja, kijana mmoja mzito anayekuja kasi. Miaka kumi na saba!

Keenan ameondoka mapema. Mlangoni amesema, "Asante, anti." Asante ya nini? Ningependa anitukane.

Mchana. Bernice amefika, mama yake. Mwembamba, mcheshi, sauti ya chini. Ameleta nyama ya kulungu wa kaskazini iliyokaushwa, ametupakulia sisi kwanza kabla hajavua koti. Orest kala kama aliyefunga mwezi. Nilitaka kumwambia pale pale jikoni. Akaanza kunionyesha picha za Keenan mdogo kwenye simu, yuko ziwani, kavaa viatu vya barafu vya kaka yake, vikubwa. Nikasema "mzuri." Nikasema tena "mzuri."

Uwanjani. Naandika chooni. Nimejifungia. Mwandiko mbaya, goti ndiyo meza.

Tumekaa, Bernice kulia kwangu. Tollefson akaja na kahawa mbili, mkarimu, mashavu mekundu. "Mama mlezi! Na huyu ndiye mama mzazi?" Akampa mkono Bernice. "Hongera. Mlezi wake kaniambia jambo moja nimelirudia kwa wakubwa wangu wote. Kwamba kijana halalamiki. Kamwe!"

Bernice akacheka. "Nani, Keenan? Huyo alikuwa analia akikatwa kucha! Akichomwa na mbigili mji mzima unajua." Akanigeukia, bado anatabasamu. "Nani kamfundisha kunyamaza?"

Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania. Kahawa ilinichoma ulimi na sikuisikia.

Tollefson akaenda kukaa juu, na daftari lake. Taa zikapunguzwa. Timu zikapanga mstari kwa wimbo wa taifa, helmeti mkononi. Bendera huning'inia upande wa lango, kushoto kwa vijana wetu. Wimbo ulipoanza vichwa vyote vikageuka kushoto pamoja. Kimoja hakikugeuka. Keenan akainua mguu, akauweka, akainua wa pili, akageuza mwili mzima kama mtu anayegeuza kabati. Akasimama hivyo, ubavu kwa wenzake, mwanajeshi peke yake.

Nikaangalia juu. Tollefson kofia kifuani, anaimba, macho kwenye bendera. Orest anaimba. Ukumbi mzima unaimba.

Bernice haimbi.

Akanishika kiwiko. "Dada. Mbona mwanangu anageuka hivyo?"

Nikasema naenda chooni! Mtu mzima na mvi zangu. Nikapita magotini pa watu nikakimbia.

Sasa wameanza. Humu ndani unasikia kila kitu kupitia ukuta: viatu vikichana barafu, fimbo, halafu ule mshindo wa miili kwenye mbao. Nimeusikia maisha yangu yote, nilikuwa naupenda. Mmoja sasa hivi. Upande gani ule? Watu wamepiga kelele. Kelele ni nzuri. Kelele maana yake mtu ameinuka.

Mwingine.

Viatu kwenye vigae vya sakafu. Mtu ameingia. Anapita vyumba vyote, amesimama kwangu. Naiona ncha ya viatu vyake chini ya mlango, manyoya na shanga za buluu.

"Dada," anasema. Sauti ile ile ya chini. "Nimekuuliza kitu kule. Hujanijibu."