Punje Isiyotaka Kuzikwa

Jumapili, 4 Mei
Leo nimehubiri kwenye ibada ya akina mama. Punje ya mahindi! Isipofukiwa ikaoza, itabaki punje tu, haizai. Wamelia. Hata mke wa mchungaji kalia, na yule huwa anasinzia. Nikanogewa. Nikajikuta nasema, na mimi najitoa, uenyekiti nauachia leo, nizikwe nizae! Nilijua watanishika miguu. Dedza nzima nani mwingine anauweza umoja huu wa akina mama?
Wakapiga vigelegele. Vigelegele!

Jumatatu, 5 Mei
Baba watoto kauliza mbona sili. Nikamweleza. Kacheka mpaka kapaliwa na tonge la nsima. Eti, "Mama Gwaza, si ulitaka kuzikwa? Marehemu hadai kiti." Simsemeshi wiki nzima.

Jumatano, 7 Mei
Wamemchagua Tamandani kushika kiti changu. Juzi tu nimemfunga mimi kitambaa cheupe cha umoja! Na mkutano wake umekwenda vizuri. Mungu nisamehe, nilikuwa naombea uvurugike.
Baadaye kaja kanipigia goti. "Mama, Bibi Nasibeko kalazwa. Hana mtu wa kumpikia wala kumfulia kule hospitali. Nani kama wewe?"
Bibi Nasibeko! Aliyesema mbele ya kwaya nzima kwamba naimba kama mlango wa choo. Nimekubali. Watu walikuwa wanatazama.

Ijumaa, 9 Mei
Baridi, we acha tu. Hapa wauguzi hawapiki wala hawafui – ni sisi wenye wagonjwa, jiko la nje, moshi machoni. Bibi kasema nsima yangu ina madonge. Kala yote.
Nimevaa sare ya umoja, ili wenzangu wakija wanikute nayo. Hajaja mtu.

Jumatatu, 12 Mei
Sare imechafuka. Na nini, sisemi. Nimeifua, nimejifunga kitenge cha Bibi. Kaniambia kinanipendeza kuliko ile sare – nikiivaa nafanana na jogoo wa mchungaji. Mgonjwa gani huyu!

Jumatano, 14 Mei
Daktari kaniita pembeni. Hatapona.
Nimerudi kitandani, sijui niweke wapi uso. Bibi kaomba nimwimbie. Nikamwambia, mlango wa choo? Kasema, "Huohuo. Nimeuzoea." Nimeimba. Nimelia pia. Mama wa kitanda cha jirani kauliza kama Bibi ni mama yangu mzazi. Nikasema ndiyo, basi tu, kuepusha maelezo.

Jumapili, 18 Mei
Wamekuja! Umoja mzima, weupe pe, wako nje chini ya dirisha wanaimba. Wameanza juu mno. Tamandani kachungulia: eti nitoke haraka, tupige picha, mchungaji anataka kunitolea mfano kanisani. Mfano! Neno hilo nimelingoja tangu siku ya kwanza. Nimeshafunga kitambaa.
Ila Bibi hasemi tangu jana. Macho kayafumba. Kanishika mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, daftari magotini. Nguvu hana, nikivuta kidogo tu unatoka.
Kutoka hapa nawaona. Wamejipanga, katikati wameniachia nafasi. Tamandani anapunga mkono, mchungaji keshainua simu.
Nimesema nakuja. Nasema hivyo tangu wimbo wa kwanza –