Soksi Kwenye Kamera ya Lori la Pamba

Mpendwa mshauri Mektilda, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni Ngassa, dereva wa lori la pamba, miaka thelathini na nne barabarani kati ya Meatu na Bariadi, na sijawahi kugonga hata kifaranga. Sawa, kifaranga nimegonga, na mama yake, na mbuzi mmoja wa Lalago ambaye hata hivyo alikuwa na kiburi, na geti la parokia, lakini hilo lilifungwa bila kunijulisha. Ila ng'ombe, mshauri, ng'ombe sijagonga, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Tajiri wetu Luhaga ana malori tisa, na msimu huu akayafungia yote kamera kwenye kioo cha mbele, kidude kidogo kama kiberiti chenye macho mawili na mdomo, ukipiga miayo kinakwambia kwa sauti ya kike, "Dereva, umechoka, pumzika," na mimi sikukikataa, kila asubuhi nilikuwa nakiamkia, mwangaluka, hata kama hakiitikii, maana mke wangu naye siku hizi haitikii, nimezoea. Shida ikaja nilipouliza ofisini hizo picha anaziangalia nani, wakanijibu, "Ni Nancy, mzee, ana cheti cha kompyuta." Nancy! Nancy ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu Joakim! Mimi na yeye tunaheshimiana inavyotakiwa, nyumbani akiingia mlango huu natokea ule, hajawahi kuniona natafuna hata kipande cha kiazi, na kumbe mwezi mzima amekaa ofisini ananitazama naendesha kifua wazi kwa joto la Lingeka, nakula matobolwa, viazi vyetu vikavu, kwa mikono miwili, usukani nimeushika kwa magoti, na najikuna mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa.

Kwanza nikaendesha siku tatu kwa koti na kofia, sili, jasho linatiririka mpaka kwenye breki, na kidude kikasema nimechoka mara arobaini. Siku ya nne nikavua soksi nikakivisha. Sikujua jicho lipi linatazama barabara na lipi linanitazama mimi, basi nikayafunika yote mawili, haki sawa. Kikawa kinalia, "Kamera imezibwa, kamera imezibwa," nami nakijibu, "Najua, mama, aliyeziba ni mimi."

Sasa wiki iliyopita pale Lingeka nikakuta ng'ombe amelala katikati ya barabara, nikasimama, nikaongea na mwenye ng'ombe, anaitwa Limbu, nikapita pembeni, basi. Kesho yake Limbu yuko ofisini kwa Luhaga anasema lori langu limemuua ng'ombe wake, tena jike mwenye mimba, na maneno tuliyosemezana barabarani anayakana yote. Luhaga akafungua picha za siku hiyo akakuta giza la soksi. Akaniambia, "Mzee Ngassa, mtu asiye na kosa anaivisha kamera soksi ya nini?" Nitamjibu nini, kwamba namwonea haya mkamwana? Vijana wa pale watanicheka mpaka pamba ya mwakani. Amenipa mpaka Jumamosi, nisipoleta ushahidi nakabidhi ufunguo wa lori, na ng'ombe wa kumlipa Limbu anatoka zizini kwangu.

Mshauri, mimi kuongea na Nancy habari za kifua changu siwezi. Lakini wewe, masika yale pale Somanda, nilikubeba na godoro lako lililolowa mpaka mlangoni kwako, ukasema, "Mzee, ipo siku nitakulipa." Siku ndiyo hii. Nenda kaongee na mkamwana kwa niaba yangu, atazame kama kidude kimebakiza ushahidi wowote. Ni hilo tu, na habari ya godoro tumeimaliza.

Ngassa, Bariadi

JIBU

Mzee Ngassa, nimecheka kabla ya mwisho, nisamehe. Na pole kwa jasho. Lakini lori limejaa pamba na wewe unaliendesha kwa magoti! Unamwonea haya mkamwana, na yule wa bodaboda aliye mbele yako je, humwonei hata huruma?

Nancy nimemwona. Maskini binti wa watu, siku ya kwanza tu alipokuona bila shati alibandika kalenda juu ya kile kisehemu cha kioo cha kompyuta chenye lori lako. Anaangalia malori manane, la tisa anasoma tarehe. Wewe umevisha soksi huku, yeye kabandika kalenda kule, mmeheshimiana mpaka ng'ombe wa mtu amewaponyoka katikati.

Sasa tega sikio. Kidude kina mdomo, ulidhani hakina masikio? Soksi iliziba macho tu. Nancy aliigeuzia kompyuta mgongo akaisikiliza siku ile ya Lingeka. Breki zinasikika, mlango unafunguka, halafu sauti yako, "Wewe Limbu, mwamshe ng'ombe wako nipite," na Limbu anajibu, wazi kabisa, "Haamki huyo, mzee, kafa tangu alfajiri, kaumwa wiki nzima. Pita tu pembeni."

Utauliza kwa nini hajampelekea Luhaga. Kwa sababu kabla ya breki ulikuwa unakisimulia kile kidude kwamba mkamwana wako anapika dagaa kama amewavua kwenye gunia la chumvi, na Joakim akishakula anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Luhaga hapokei sauti iliyokatwa, ataisikiliza yote, na ofisi nzima pamoja naye. Nancy ameniambia, "Shangazi, nitamwaibishaje baba mbele ya watu?" Anangoja ruhusa yako, na Jumamosi haimngoji yeyote.

Kwa hiyo kesho asubuhi vaa shati, nenda kwa Luhaga, sema mwenyewe kisa cha soksi, na umwombe aifungue sauti yote Limbu akiwepo. Watacheka. Waache wacheke, kicheko hakifungui zizi la mtu. Mwombe pia lori lako aliangalie Dastan, mwenzake Nancy wa zamu nyingine, yeye si mkwe wako. Ukishikwa na njaa simamisha lori, shuka, kula ukiwa chini. Na soksi irudi mguuni.

Kuhusu dagaa, Nancy ameacha kuwatia chumvi kabisa tangu alipokusikia. Utawatafuna hivyo hivyo, kimya, na usithubutu kukisimulia kidude.

Godoro limelipwa.