Mwali wa Maporomokoni

Mama,

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana, kwa sababu hata mbele ya karatasi naona haya. Leo naandika bila kusimama. Lile ua la zambarau lililoota kwenye mwamba wa maporomoko, lile wewe na baba mliloliita Mwali, halipo tena, na si maji ya mvua yaliyolibeba. Mimi ndiye niliyeling'oa. Sijamwambia baba. Sijamwambia mama mdogo Pelagia, ingawa tunalala chumba kimoja. Hata kanisani nilipanga foleni ya kuungama, nikabakiza watu wawili mbele yangu, nikarudi nyumbani.

Wewe ndiye wa kwanza kujua, mama, na umechelewa kujua kwa sababu yangu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nakukumbuka zaidi kuliko siku nyingine. Ndiyo ilikuwa siku yenu. Mkitoka misa ya kwanza unavua viatu vya kanisani, unavaa raba za kijani zilizotoboka kidole, unafunga kitenge juu ya sketi. Baba anajaza chai kwenye chupa. Mimi nilipokuwa mdogo mlikuwa mnaniacha kwa mama mdogo, nami nalia mpaka napata kwikwi. Nilipofika darasa la nne mkaanza kunichukua, kwa sharti moja: nisiulize tumebakiza umbali gani.

Hapa kwetu Bigwa watu walikuwa wanawashangaa. Mtu mzima na mke wake wanapanda mlima, hawaendi shamba, hawaendi kutafuta kuni, hawaendi kumwona mgonjwa. Bi Zuhura, yule anayeshuka na kapu la karoti kichwani, alikuwa hawezi kutupita bila neno.

"Baba Skola, leo tena? Mnakwenda kutazama maji yakianguka? Kwani bomba la kwenu limekatika?"

"Limekatika, shemeji," baba anajibu. "Tunafuata maji kwenye chanzo."

"Na huyu mtoto mnamfundisha nini sasa? Atakuja kuolewa na nani, na jiwe?"

Mimi nilikuwa najificha nyuma ya kitenge chako. Wewe ulikuwa unacheka mpaka unashika mbavu, halafu unamnunulia karoti tatu tunazokwenda kuosha kwenye kijito na kuzila mbichi.

Ulikuwa unauza miche ya maua pale kando ya barabara, kwa hiyo njiani ulikuwa kama mwalimu aliyekutana na wanafunzi wake. Hili unalijua, lile unalijua, lile lina dada yake kule juu zaidi. Ulinionyesha vile viua vya pinki vinavyoota kando ya maji, ambavyo ukigusa tumba la mbegu lililokomaa linapasuka na kukurukia mkononi. Nilikuwa nayapasua yote niyaonayo. Baba alikuwa anakuja nyuma na chupa ya chai, macho amekunja, maana kuchomelea mageti siku sita kwa wiki kulikuwa kumeshamharibia macho. Ukimwonyesha ua anasema "Naam, naam." Na wewe ukawa unamtania, "Baba Skola haoni ua mpaka limchome."

Halafu tunafika. Maporomoko yenyewe ni madogo, hayana kibao wala jina kubwa, ila ukikaa dakika kumi nguo zinalowa kwa ule mvuke wa maji. Kwenye ubavu wa mwamba, mahali jua lisipofika, juu ya kuvu la kijani, ndipo alipokaa Mwali. Majani ya duara yenye vinyweleo, laini kama sikio la mbuzi mchanga, na katikati maua madogo ya zambarau yenye kitone cha njano. Uliniambia mlimwona pamoja kabla sijazaliwa, siku baba alipokuleta mara ya kwanza, na kwamba wewe ndiye uliyempa jina.

"Kwa nini Mwali?" nilikuuliza.

"Kwa sababu anakaa ndani. Zamani kwetu msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani, jua halimwoni, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Huyu naye ukimtoa juani anakufa."

"Si tumchukue, tukamweke kivulini nyumbani?"

Ulinitazama kama nimesema neno baya. "Mwali haokotwi njiani, Skola. Anaombwa kwao. Na hata ukimwomba, unachukua jani moja tu lenye kikonyo, unalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, unasubiri. Mama unamwacha palepale alipo."

Nilikusikia, mama. Hilo ndilo linaloniuma. Siwezi kusema sikufundishwa.

Ulipolazwa mara ya pili nilikuwa kidato cha tatu, na ilikuwa likizo. Jioni moja wodini ulimwuliza baba, kwa sauti ile yako iliyokuwa imeshapungua, "Mwali atakuwa ametoa maua sasa?" Baba akasema, "Naam, ametoa." Nilijua hajui, kwa sababu alikuwa hajapanda miezi mitatu. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamdanganya mama mdogo kwamba nina twisheni, nikachukua kijiko na kopo la maziwa ya unga, nikapanda peke yangu.

Alikuwa ametoa maua matatu, mama. Natamani ungeona. Nilikata shauri nichukue jani moja kama ulivyosema. Lakini nikawaza, jani ni la kusubiri, na mimi sikuwa na muda wa kusubiri, nawe hukuwa nao. Nilitaka uone maua. Nikaingiza kijiko chini ya mizizi, nikakuta mizizi haikwenda ndani kabisa, imeshika kuvu tu kwa juu juu. Akang'oka mzima mara moja, kirahisi, mpaka nikaogopa. Palibaki alama ya mwamba mtupu, kubwa kama kiganja changu.

Nilishuka juani saa sita mchana nikiwa nimemkumbatia. Nilipofika hospitali mlinzi akaniambia, "Binti, muda wa kuona wagonjwa saa kumi. Kaa pale." Mtoto mwingine angemwomba. Angesema mama yangu yuko pale ndani, nina kitu chake, dakika mbili tu. Mimi unanijua. Nilisema "Haya, shikamoo," nikaenda kukaa kwenye ukuta ambao haukuwa na kivuli, nikamwagilia maji ya chupa juu ya majani kila nilipoona yanalegea. Saa kumi ilipofika maua yote matatu yalikuwa yamelala. Niliona aibu kukuletea kitu kilichokufa. Nikalificha kopo chini ya benchi la nje, nikaingia mikono mitupu.

Ulinishika vidole, ukaona udongo kwenye kucha.

"Umetoka kulima?"

"Hapana, mama."

"Sasa matope haya?"

"Nilianguka."

Ulichukua ncha ya kanga ukaanza kunisafisha kucha, moja moja, polepole, unapumzika, unaendelea. Hukumaliza mkono wa pili, usingizi ukakuchukua. Sikuonana nawe tena ukiwa macho.

Kopo nilikwenda nalo nyumbani. Nililiweka nyuma ya jiko, nikamwagilia kila siku, nyingine mara mbili, wakati wa msiba hata wageni walipokuwa wamejaa uani. Kitovu cha mmea kikaoza. Ukiwa hai ungeniambia kwa nusu dakika tu kwamba Mwali hapendi maji juu ya majani.

Tangu hapo baba hakupanda tena. Chupa ya chai ilikaa juu ya kabati mpaka ikashika vumbi. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru, kwa sababu kama hapandi hataona. Nilijua baba hana picha yenu ya pamoja ila ile ya ubatizo wangu, ambayo wewe umefumba macho. Hana kaburi la karibu, tulikupeleka kwenu milimani. Alikuwa na Mwali tu. Na mimi ndiye niliyejua kwamba hayupo.

Kisha nikamaliza kidato cha nne. Siku ya mtihani wa mwisho alikuja kunisubiri getini, jambo ambalo hajawahi kufanya, na tulipokuwa tunanawa mikono jioni akasema, "Mama, kazi umeimaliza. Jumapili tupande. Nataka nimwone Mwali."

Unajua ananiita hivyo, mama, kama baba wengine wanavyowaita binti zao. Lakini siku ile neno hilo lilinichoma.

Jumapili ile nilisema kichwa kinaniuma. Iliyofuata mvua ikaniokoa. Ya tatu aliamka kabla yangu, akaisugua ile chupa kwa majivu mpaka ikang'aa, akaniwekea raba zako mlangoni. Zinanitosha sasa.

Njiani nilijipangia kumwambia kwenye kijito cha kwanza. Nikasema basi kwenye daraja la miti. Nikasema basi baada ya kukutana na Bi Zuhura, maana nilimwona anashuka. Alitua kapu lake chini, akamtazama baba muda mrefu, mpaka nikadhani atalia. Kisha akasema, "Nilidhani bomba la kwenu limeshatengenezwa." Baba akacheka. Mama, alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, ambacho sikuwa nimekisikia tangu uondoke. Baada ya hapo nikashindwa kabisa kufungua mdomo.

Tulipofika niliiona ile alama ya kiganja changu kwenye mwamba kabla ya kitu kingine chochote. Kuvu bado halijapafunika. Baba alivua viatu, akaweka mkono juu ya macho, akaanza kutafuta.

"Baba, kuna kitu nataka..."

"Subiri kwanza." Akanyoosha kidole. "Yule pale! Unamwona? Ametoa matano mwaka huu."

Nikafuata kidole chake. Alikuwa anaonyesha chini ya mwamba, ukingoni mwa maji, penye vile viua vya pinki vinavyoota kila mahali. Tulikuwa tumevikanyaga njia nzima.

Baba alisogea hatua mbili, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. "Mwali," akasema, "mwenzangu hakuweza kuja. Nimekuja na binti yake."

Nililia, mama. Alinishika bega, akidhani nakulilia wewe, na kweli nilikuwa nakulilia wewe.

"Mimi maua siyajui," akaniambia. "Mama yako alikuwa ananionyesha, nasema naam, huku namtazama yeye anavyofurahi. Lakini huyu mmoja nilimshika kichwani. Huyu siwezi kumkosea." Akakunja macho. "Au siye?"

Nilikuwa na neno moja la kusema kweli, na nilikuwa nimelibeba mwaka mzima. Nikamwona amesimama majini na suruali ameikunja, ananisubiri kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

"Ndiye, baba," nikasema.

Sijui kama nimetenda jema au nimeweka kosa juu ya kosa. Sijui kama nilimwonea huruma yeye au nilijionea mwenyewe. Najua tu kwamba alimimina chai, akanipa kifuniko, akaanza kunisimulia siku aliyokuleta pale mara ya kwanza, na jinsi ulivyoteleza ukamlaumu yeye. Amesema tutakuwa tunakuja kila mwezi. Nitakwenda naye, na nitavichunga vile viua vya pinki. Mkondo wa maji ukivibeba, nitapanda vingine palepale, iwe usiku au mchana, ilimradi avikute.

Unisamehe kwa Mwali, mama. Unisamehe na kwa kucha nilizokudanganya.

Na jambo moja. Baba huwa anaongea nawe asubuhi akiwa peke yake, anapopanga vyuma kabla mafundi wenzake hawajafika. Anadhani simsikii. Siku hizi anakwambia habari za yale maua matano. Akikuuliza, mwachie aamini. Usimwambie, hata katika ndoto. Tunajua wawili tu, wewe na

Binti yako wa pekee,
Skola